Daftari la Kifua, Iringa

Nimetumwa kuhesabu makaratasi, si kuyasoma.
Stoo ya nyuma, ubavuni mwa chumba cha mashuka,
mchwa wameula mwaka wa arobaini na moja wote
wakaacha jalada, kama mla ndizi anavyoacha ganda.
Arobaini na mbili upo mzima:
daftari la wagonjwa wa kifua,
wino umepauka hadi rangi ya kutu.

Mwandishi ni Rozalia Feinmesser, mke wa fundi saa.
Kaya nne tu walikuwa hapa mjini, Wayahudi,
walioshuka na masanduku ya kufungwa kwa kamba
wakaikuta Julai ya Iringa,
na upepo wa Gangilonga unaoingia hadi kwenye meno.
Kaya nne, zikajitoza senti:
fundi saa, mshona makoti, mkulima wa pareto kule Dabaga,
na mjane ambaye kazi yake imeandikwa "piano", basi.

Dawa ilikuwa haijafika.
Palikuwa na baraza, vitanda kumi na viwili vikitazama upepo,
maziwa, blanketi, na subira.

"Mayai thelathini na moja. Moja limepasuka njiani. Nimelipa mimi."

"Sekindole, kitanda cha tatu, hataki uji, anataka ulanzi.
Nimemwambia ulanzi hapana. Amenitazama sana."

"Mgongolwa amepona. Blanketi amerudisha, limefuliwa."
Mwezi mmoja mbele:
"Mgongolwa amerudi. Amepewa lilelile."

Na ukurasa wa kwanza kabisa, juu ya hesabu ya sanduku la bati,
ameandika kwa herufi kubwa: TSEDAKA.
Penseli nyekundu ya mtu mwingine
imeikata T, imeigeuza E kuwa A,
na chini imeandika upya, taratibu, kama ubaoni:
sadaka.
Pembeni, wino tena: "Ahsante, mwalimu."

Nilicheka peke yangu mle stoo, vumbi likanipalia,
nikakohoa,
nikaona aibu kukohoa mbele ya daftari lile.

Penseli nimeifuatilia. Hutokea Jumamosi.
Ijumaa jua likizama wino unakoma, hata katikati ya sentensi:
"Sekindole, joto limepanda hadi"
halafu nyekundu: "mia na tatu. Nimekesha naye. Y. Kikoti, mfagizi."

Jumamosi: kwetu ni mosi kwa jina, kwao ni ya saba.
Mama yule hagusi kalamu,
na kifua hakijui siku ya mapumziko.
Popote walipopatana hivyo
hawakupaandika.

Mama alinisimulia kwamba mama yake alilazwa humo, akiwa mtoto.
Nimeshuka na kidole, Se hii, Se ile,
Sekindole, Semdeke, Sekalinga,
wamepanga foleni ukurasani kama ndoo bombani.
Wa kwetu hayumo.
Ila Agosti, kitanda cha sita:
"Mtoto wa kike. Jina hataki kusema.
Anaomba maganda ya mayai, anayachora nyuso."

Huenda ni yeye. Huenda ni bibi wa mtu mwingine
anayepita sasa hivi pale nje na kikapu cha nyanya.
Bibi yangu, tangu nimjue, yai hakuligusa.

"Sekindole ametoka," wino unasema, Septemba.
Kwa miguu yake au kwa machela, hausemi.
Kitanda cha tatu wiki ile hakikupewa mtu.

Fomu niliyopewa ina visanduku viwili, Hifadhi na Teketeza,
na mstari mfupi: Jina la mwandishi.
Nimebana herufi, yameingia mawili,
Feinmesser wa wino na Kikoti wa penseli,
la pili limetoka nje ya mstari kidogo.
Nilikuwa nimefika kwenye idadi ya kurasa
mlinzi akatikisa funguo mlangoni: dada, leo Ijumaa, nafunga.
Nimeandika "mia mbili na"
nikaiacha fomu mezani,
na penseli juu yake.